Cheti cha Karani Hakidumu Milele

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kufaulu mtihani na kupewa cheti, kazi ya kujifunza imekwisha. Cheti hutiwa kiooni, kikatundikwa ukutani, na mwenyewe akaketi chini yake hata siku ya kustaafu. Kwa karani wa serikali ya mahali dhana hiyo ni ya hatari, maana yeye hufanya kazi kwa sheria, na sheria hubadilika.

Natutazame Port Reitz, katika bara ya Mombasa. Zamani mwenyeji wa hapa aliyetaka leseni ya biashara alikwenda kwa makarani wa Baraza la Manispaa, nao waliongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa, sura ya 265. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza yote 175 ya Kenya yalikoma, na kaunti 47 zikashika mahali pake. Sasa Port Reitz ni mojawapo ya wadi tano za Changamwe, pamoja na Kipevu, Airport, Chaani na Changamwe yenyewe. Makarani wengi walikuwa wale wale, na meza zile zile. Lakini kitabu cha sheria kilichokuwa juu ya meza kilikuwa kingine.

Huenda mkulima akauliza, "Mambo haya ya makarani yanihusu nini?" Yamhusu sana. Karani wa zamani alifundishwa kwamba faili ni siri, na sifa yake kubwa ni kunyamaza. Lakini Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuuliza. Tuseme mtu ataka kujua fedha za kutengeneza mfereji wa mtaa wake zimetumikaje. Aweza kuandika ombi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, bila kutozwa ada ya kulipeleka, na sharti apewe uamuzi katika siku 21. Ikiwa habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48 tu. Ikiwa habari iko katika ofisi nyingine, ombi lihamishwe huko katika siku tano. Tena, asiyejua kuandika asifukuzwe: ofisa lazima amsaidie ombi lake liandikwe. Karani asiyejua haya atamwambia mzee wa watu, "Nenda, rudi kesho," naye atadhani ametimiza wajibu wake, kumbe amevunja sheria.

Vyuo navyo havikusimama mahali pamoja. Jeanes School ya Kabete ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya walimu. Mwaka 1961 ikawa chuo cha utawala. Kisha sheria ya mwaka 2012 ilikiunganisha na vyuo vya mafunzo vya Mombasa, Matuga, Embu na Baringo, kikawa Chuo cha Serikali ya Kenya, kinachojulikana kwa herufi KSG. Bodi ya mitihani ya KASNEB, iliyoundwa mwaka 1969, ambayo huwatahini wahasibu na makatibu, nayo ilitoa mitaala mipya mwaka 2021. Ikiwa chuo na mtihani vimebadilika, mwenye cheti atabakije vile vile?

Hata hivyo, pana jambo la kuangaliwa kwa uangalifu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka Karani wa Bunge la Kaunti awe na shahada ya chuo kikuu, na pia uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua mitano. Sheria imeyataja yote mawili, wala haikutaja shahada peke yake. Kwa hiyo si haki karani aliyetumika miaka ishirini, anayejua kila ploti na kila ugomvi wa mpaka, ahesabiwe kuwa si kitu kwa sababu karatasi yake ni ya zamani. Wala si haki yeye naye akatae kufundishwa kwa sababu ya mvi zake. Yafaa apewe nafasi ya masomo mafupi, kisha apimwe kwa kazi yenyewe: aandike kumbukumbu za mkutano, ajibu ombi la raia, aeleze bajeti ya kaunti kwa maneno ambayo mvuvi na mkulima watayafahamu. Mtihani wa namna hiyo wamfaa mzee, na wamfaa kijana mwenye shahada pia.

Basi, ewe karani, soma sheria mpya kabla hujaulizwa. Nanyi wenye mashamba na maduka, mwendapo ofisini, ulizeni haki yenu kwa adabu na kwa maandishi, nanyi andikeni tarehe. Elimu haina mwisho, na raia ajuaye haki yake humfanya karani asome upesi kuliko mtihani wowote.