Kukopa Harusi: Wakubwa Waliovunja Rekodi za Kufilisika

Dawa ya deni ni kulipa, na kila mwenye duka anaujua msemo huo. Tatizo lake ni kwamba haujasema alipe nani. Katika visa vya watu mashuhuri waliofilisika, utamu na uchungu wote umejificha hapo. Mfalme anakopa, askari wake wanakosa mshahara. Rais anakufa na madeni, mtoto wa mpishi wake anapandishwa mnadani. Wako wachache waliolipa kwa jasho lao, na mmoja wao aliimaliza kazi hiyo siku chache kabla ya kufa. Hizi ndizo rekodi zao, kwa mpangilio ninaoupenda mimi.

Mara nyingi kuliko wote

Mfalme Philip II wa Hispania alishindwa kulipa madeni ya taji lake mara 4: mwaka 1557, 1560, 1575 na 1596. Na huyu si mtu aliyekosa mapato. Meli zilimletea fedha kutoka Potosí, mlima wa madini ulioko Bolivia ya leo, mwaka baada ya mwaka. Lakini vita vyake vilitangulia na fedha ikafuata nyuma. Alipigana Uholanzi, akapambana na Waturuki katika bahari ya Mediterania, mwaka 1588 akatuma kundi la manowari kwenda kuivamia Uingereza. Gharama zake alizikopa kwa ahadi ya fedha ambayo bado ilikuwa baharini.

Mabenki ya Genoa yalimkopesha, yakala hasara, yakakaa naye mezani kupunguza deni, kisha yakamkopesha tena. Ujinga? Hata kidogo. Wanahistoria wa uchumi waliopekua mikataba ile wanaonyesha kwamba kwa ujumla mabenki yalipata faida, kwa sababu riba ya miaka mizuri ilifidia miaka mibaya. Waliolia ni wengine kabisa. Baada ya kufilisika kwa mwaka 1575, askari wa mfalme waliokuwa vitani huko Uholanzi walikaa bila mishahara. Novemba 1576 wakaamua kujilipa wenyewe: wakaingia Antwerp, mji tajiri wa wafanyabiashara, wakaupora na kuua maelfu ya watu.

Mfalme huyuhuyu ana alama yake Mombasa. Tangu 1580 alikuwa pia mfalme wa Ureno, na Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya taji lake, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Miaka 3 tu baadaye taji hilo likafilisika kwa mara ya nne. Anayetembelea ngome hiyo leo huelezwa mengi kuhusu Wareno na Waomani, lakini ni nadra kuelezwa kwamba mwenye mali alikuwa mdaiwa sugu.

Deni zito kuliko yote

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Khedivu Ismail Pasha wa Misri harusi yenyewe ilifanyika kweli: Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa kwa sherehe zilizohudhuriwa na wafalme na malkia wa Ulaya, na mwaka huohuo Cairo ikapata jumba la opera. Aliposhika madaraka mwaka 1863, deni la nchi lilikuwa pauni milioni chache. Alipoondolewa mwaka 1879, lilikuwa limefika pauni milioni 90 au zaidi.

Chanzo kikubwa kilikuwa pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliinyima Ulaya pamba ya majimbo ya kusini, bei ya pamba ya Misri ikapaa, na Ismail akakopa kana kwamba bei ile ni ya milele. Vita vikaisha mwaka 1865. Bei ikashuka, mikopo ikabaki palepale, tena mipya ilikuwa ikichukuliwa ili kulipia ya zamani. Mwaka 1875 akaiuzia serikali ya Uingereza hisa zake 176,602 za Mfereji wa Suez kwa karibu pauni milioni 4.

Cha kushangaza ni kwamba mwaka huohuo, akiwa anauza vyombo vya ndani, alituma manowari hadi pwani yetu. Zikateka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Barghash akalalamika kwa Waingereza, Waingereza wakambana Ismail, na Wamisri wakaondoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata malipo ya madeni yakasimama, na maofisa wa Ulaya wakaja Cairo kusimamia hazina. Mkulima wa bonde la Nile ndiye aliyelipa, kwa kodi zilizodaiwa kwa viboko. Mwaka 1882 jeshi la Uingereza likaingia Misri na kubaki kwa miongo mingi. Ismail mwenyewe alikuwa amekwisha panda merikebu yake kwenda uhamishoni Naples.

Dogo kuliko yote

Pauni 40 na shilingi 10, aliyedai ni mwoka mikate. Kwa deni hilo karani John Dickens alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea, London, Februari 1824. Mwanawe Charles, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12, alikuwa amekwisha pelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki. Baba alitoka gerezani baada ya miezi michache. Mtoto akaachwa kiwandani aendelee, na mama yake hakuona ubaya. Charles Dickens hakuwahi kulisahau jambo hilo, na riwaya yake ya Little Dorrit imejengwa juu ya gereza lilelile. Ukipima deni kwa kurasa zilizoandikwa kwa sababu yake, sijui la pili.

Bidhaa ya ajabu kuliko zote

Ngawa. Daniel Defoe, miaka mingi kabla ya kuandika Robinson Crusoe, alinunua ngawa wapatao 70 kwa mkopo ili auze zabadi wanayotoa kwa watengeneza manukato wa London. Biashara haikufika mbali. Wanyama wakakamatwa na watu wa serikali, mama mkwe wake akaingizwa katika sakata hilo, na mambo yakaishia mahakamani. Tuwe wakweli, ngawa hawakumwangusha peke yao. Defoe alikuwa pia amedhamini bima ya meli wakati wa vita na Ufaransa, na meli hizo zikatekwa. Mwaka 1692 alifilisika kwa deni la pauni 17,000. Alilipa sehemu kubwa, akaanguka tena, na mwaka 1731 akafia mafichoni akimkwepa mdai.

Kwa kujificha, hata hivyo, rekodi ni ya mwandishi Mfaransa Honoré de Balzac. Baada ya kiwanda chake cha uchapaji kufa mwaka 1828, aliishi maisha yake yote na wadai nyuma yake, na nyumba yake ya Passy aliipanga kwa jina la mtunza nyumba wake. Ilikuwa na milango katika mitaa miwili.

Mnada wenye orodha bora

Mchoraji Rembrandt alinunua nyumba Amsterdam mwaka 1639 kwa gilda 13,000, bei iliyomzidi kimo. Badala ya kulipia nyumba, alinunua vitu: picha za mabwana wa Italia, kofia za chuma, makombe ya baharini, ala za muziki, sanamu. Julai 1656 akakabidhi mali yake kwa wadai, na makarani wakapita chumba kwa chumba wakiandika kila walichokikuta. Orodha yao ina vipengele 363. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na waliopanga upya vyumba vyake waliongozwa na orodha ya wadai. Baadaye mwenzi wake Hendrickje Stoffels na mwanawe Titus walifungua kampuni na kumwajiri yeye, ili picha anazochora zisiwe mali yake na mdai asizishike. Ujanja huu wa kuandikisha biashara kwa jina la mama watoto tunaujua, ila wengi hudhani ni wa juzi.

Jina lililowatajirisha wengine

Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi, akapata hataza yake Marekani mwaka 1844. Alifungwa kwa madeni zaidi ya mara moja. Mwaka 1855, akiwa katika gereza la wadaiwa mjini Paris, aliletewa nishani kutoka kwa mfalme wa Ufaransa. Alikufa mwaka 1860 akidaiwa dola zipatazo 200,000. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa huko Akron, Ohio, mwaka 1898 na watu wasio na udugu naye.

Aliyelipiwa kwa watu

Hapa rekodi haina kicheko. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani na mwandishi wa Azimio la Uhuru, alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu azimio hilo lipitishwe. Aliacha deni la zaidi ya dola 107,000. Sehemu aliirithi kwa baba mkwe wake. Sehemu aliitia mwenyewe kwa mvinyo, ujenzi na vitabu: mwaka 1815 aliliuzia Bunge la Marekani maktaba yake kwa dola 23,950, kisha akaanza kununua vingine. Halafu akamdhamini rafiki kwa dola 20,000. Rafiki akafilisika, mzigo ukamwangukia yeye.

Januari 1827 mnada ulifanyika Monticello, shamba lake huko Virginia. Matangazo yalisema wangeuzwa watumwa 130, pamoja na mifugo, nafaka na samani. Katika wasia wake Jefferson alikuwa amewaacha huru wanaume 5 tu. Mmoja wao ni mhunzi Joseph Fossett. Uhuru wake ungeanza miezi michache baadaye, lakini mkewe Edith, mpishi aliyejifunza upishi wa Kifaransa katika ikulu ya Jefferson, hakutajwa katika wasia ule, wala watoto wao. Fossett alisimama akishuhudia familia yake ikinunuliwa na watu tofauti.

Akarudi kwenye nyundo. Kwa msaada wa ndugu aliweza kumkomboa mkewe na baadhi ya watoto. Peter, aliyekuwa na miaka 11 siku ya mnada, hakukombolewa, kwa kuwa aliyemnunua alikataa kumuuza kwa baba yake. Peter alijaribu kutoroka, akakamatwa, akauzwa tena, na akapata uhuru wake karibu mwaka 1850. Alihamia Cincinnati akawa mchungaji wa Kibaptisti, na uzeeni alisimulia yote haya kwa gazeti. Vitabu vingi huandika kwamba Jefferson alikufa maskini. Nadhani sentensi hiyo imekosa upande wa pili wa hesabu.

Waliolipa kwa kalamu

Mwandishi Mskoti Walter Scott aliweka fedha zake kwa wachapaji na wachapishaji wake, na mwaka 1826 wote walipoanguka akabaki na deni la zaidi ya pauni 120,000. Angeweza kujitangaza mufilisi. Alikataa, akaomba muda, akaandika kama punda wa dobi hadi afya ikamtoka. Alikufa mwaka 1832, na mauzo ya vitabu vyake ndiyo yaliyofuta deni lililobaki.

Jenerali Ulysses Grant, rais wa 18 wa Marekani, alikuwa na muda mfupi zaidi. Aliingia ubia na kijana wa Wall Street aitwaye Ferdinand Ward, ambaye biashara yake ilikuwa upatu wa kitapeli: wa zamani wakilipwa kwa fedha za wapya. Mei 1884 Ward alimtuma Grant akaombe mkopo, naye akamwendea tajiri William Vanderbilt na kurudi na dola 150,000. Siku 2 baadaye kampuni ilianguka. Mshindi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani akabaki na dola 80 mfukoni, bila pensheni, na mwaka huohuo madaktari wakamkuta na saratani ya koo.

Akaketi kuandika kumbukumbu zake za vita. Mwandishi Mark Twain, mwenye kampuni ya uchapishaji, alimpa mkataba mnono kuliko aliopewa na wengine. Sauti ilipomwisha, Grant aliendelea kwa penseli. Alimaliza Julai 1885 na kufariki tarehe 23 ya mwezi huo. Waliokuwa askari wake walikiuza kitabu nyumba kwa nyumba, na mjane wake Julia alipata takriban dola 450,000.

Ungedhani Twain alijifunza kitu hapo. Tayari alikuwa akimwaga fedha, jumla yake dola zipatazo 300,000, katika mashine ya kupanga herufi ya James Paige. Ilikuwa na vipande kama 18,000 na iliharibika kila mara, wakati washindani walikuwa wamekwisha uza mashine rahisi zaidi. Aprili 1894 kampuni yake ya uchapishaji ikafilisika. Sheria haikumlazimu kulipa kila senti. Mkewe Olivia ndiye aliyeshikilia kwamba walipe yote, na Twain, akikaribia miaka 60, akafunga safari ya kuzunguka dunia akitoa mihadhara ya kuchekesha: Australia, India, Morisi, Afrika Kusini. Safari ilipokwisha mwaka 1896, binti yake Susy, aliyebaki Marekani, alifariki kwa homa ya uti wa mgongo kabla wazazi hawajarudi.

Kufikia 1898 wadai wote walikuwa wamelipwa, na magazeti yakamsifu kama shujaa. Haukupita muda akaweka fedha nyingi katika Plasmon, unga wa lishe uliotengenezwa kwa maziwa. Nazo zikapotea.