Paka Mzee wa Ghalani: Tumtunzeje Siku Zake za Mwisho?

Mazungumzo yetu ya leo si ya mahindi, wala tumbaku, wala mpunga. Leo tunamzungumzia mfanyakazi mmoja wa nyumbani kwako ambaye hadai mshahara, hana likizo, na kazi yake huifanya usiku wewe ukiwa umelala. Huyo ni paka. Tena si paka kijana. Ni yule mzee aliyelinda ghala lako miaka mingi, na sasa nguvu zimemwishia.

Labda utacheka useme, "Lo! Hata paka naye atengewe kipindi?" Ngoja kwanza. Hapa mkoani Katavi, kuanzia Mpanda mpaka Mpimbwe, na kutoka Nsimbo mpaka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili hivi. Mahindi unayoingiza ghalani baada ya mvua kukatika ndiyo chakula cha familia mpaka mavuno ya mwaka ujao. Na panya-shamba jike huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzazi mmoja, akiwa amebeba mimba wiki tatu na siku chache tu. Paka aliyekaa kwako miaka kumi amekuokolea chakula ambacho hukuwahi kukipima kwa debe wala kwa gunia.

Sasa akizeeka, wengi wetu tunafanya nini? Tunamtia guniani na kwenda kumtupa porini au kando ya reli. Wengine humtegea sumu. Wengine humwacha tu, afe kwa njaa. Fadhila za punda ni mateke, ndugu yangu, lakini sisi si punda. Tena iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama.

UTAMJUAJE PAKA MZEE?

Paka akifikisha miaka kumi au kumi na moja huhesabiwa kuwa mzee. Paka wa miaka kumi na tano ni kama binadamu wa miaka sabini na sita hivi. Utamwona haruki tena juu ya ukuta wa kihenge, maana viungo vinamuuma. Manyoya yanasokotana kwa sababu hawezi kujilamba mgongoni. Kucha zinarefuka. Meno yanaoza na kung'oka.

Uangalie sana maji anayokunywa. Paka mzee akianza kunywa maji kupita kawaida, akakojoa mara nyingi na huku anakonda, mara nyingi figo zake zimeanza kuchoka. Ugonjwa huo wa figo huwakuta paka wengi wazee. Hauponi, lakini akipata matunzo anaweza kuendelea kuishi kwa muda bila taabu kubwa. Usimnyime maji ukidhani unamsaidia asikojoe ndani. Ukimnyima, unamwua.

CHAKULA NA MALAZI

Paka ni mla nyama. Ugali peke yake haumfai, kwa kuwa hauna kiini kiitwacho taurini, na paka akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Alipokuwa kijana alikipata kwa panya. Sasa hawezi kuwinda, kwa hiyo ni juu yako.

Chukua dagaa wakavu kiasi cha kiganja. Kama wametiwa chumvi, waloweke kwanza na kumwaga maji yake. Wachemshe mpaka walainike, uwaponde na mchuzi wao. Ukiwa na ugali kidogo waweza kuchanganya, lakini dagaa wazidi. Yai la kuchemsha nalo ni zuri, au maini kidogo siku umechinja kuku. Usitie kitunguu, kitunguu saumu wala chumvi. Vitunguu huharibu damu ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana humchoma tumboni. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi.

Mpe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kikiwa vuguvugu ili asikie harufu yake, kwani pua ya mzee nayo hupungua nguvu. Kuku na mbwa wasimnyang'anye.

Malazi yake ni kazi ya dakika tano. Tafuta boksi au kikapu kipana, ukitandike gunia safi na kitambaa kikuukuu, ukiweke chini, mahali pasipo upepo, karibu na jiko lakini si jikoni penyewe. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu ni wa baridi, na paka mzee aliyekonda hana mafuta ya kumtia joto. Maji yawe karibu. Weka pia beseni la mchanga au majivu yaliyopoa ya kwendea haja. Atakayelisafisha anawe mikono kwa sabuni. Mama mjamzito asilisafishe kabisa, kwa sababu kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto aliye tumboni.

DAWA ZITAKAZOMWUA

Hapa nakuomba usikilize vizuri. Paka akionekana ana maumivu, huruma hutusukuma kumpa vidonge vyetu vya nyumbani. Usithubutu! Panadol, yaani parasetamoli, ni sumu kali kwa paka. Kidonge kimoja cha mtu mzima chatosha kumwua, naye hufa kwa mateso. Aspirini nayo ni ya hatari.

Vilevile usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe wala ya mbwa. Dawa zenye pemethrini au amitrazi, ambazo mbwa huzistahimili, kwa paka ni sumu. Viroboto mtoe kwa kitana chenye meno ya karibu karibu. Na sumu ya panya usiiweke kabisa nyumba yenye paka. Akila panya aliyekula sumu, naye huweza kufa.

UDENDA: JINO AU KICHAA?

Paka mzee mwenye jino bovu hutoka udenda, mdomo hunuka, hukifuata chakula lakini hukidondosha. Hali hiyo huja polepole, wiki baada ya wiki. Lakini kichaa cha mbwa nacho hutoa udenda, na paka hukipata akiumwa na mbwa au mnyama wa porini kama bweha. Paka mwenye kichaa hubadilika ghafla: mpole huwa mkali, sauti hubadilika, hushindwa kumeza, miguu ya nyuma hulegea, na hufa katika siku chache.

Usijifanye mganga. Ukiwa na shaka, usimshike wala usitie kidole mdomoni mwake. Mfungie chumbani, watoto wakae mbali, kisha mwite Bwana Mifugo au Bibi Mifugo. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika kumi na tano, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana paka naye apelekwe kwenye chanjo pamoja na mbwa, hata akiwa mzee.

MWISHO UKIKARIBIA

Paka hasemi kwamba anaumwa. Hujificha. Ukimkuta uvunguni au nyuma ya magunia, amekaa kimya siku nzima, masikio na miguu ni ya baridi, hataki hata mchuzi wa dagaa, pumzi ni ya taabu na anajichafua alipolala, basi safari yake imekaribia. Usimlazimishe kula. Mlowanishe midomo kwa maji, mfute, mfunike, mwache mahali pa kimya.

Kama anateseka, analia, au amekataa chakula kwa siku mbili tatu, mwone mtaalamu wa mifugo. Daktari wa mifugo anaweza kumchoma dawa nyingi ya usingizi. Paka hulala, kisha moyo husimama, bila maumivu. Ulizia gharama mapema, kabla siku haijafika. Kumpiga rungu, kumzamisha au kumtupa porini si kumpumzisha. Ni kumwongezea mateso.

Akifa, mzike shimo la futi tatu, mbali na kisima na mto, mahali fisi na mbwa hawatamfukua. Kama ulishuku kichaa, usimguse. Mtaalamu aje kwanza. Na watoto waambie ukweli kwamba amekufa, usiseme amepotea. Watakaa wakimngoja mlangoni.

MRITHI WA GHALA

Usingoje afe ndipo utafute mwingine. Paka akiondoka panya hutawala, nao panya, mbali na kula mahindi, mkojo wao huweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyowaua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Leta mtoto wa paka wakati mzee angali hai, lakini kila mmoja awe na sahani yake na malazi yake. Na ghala nalo lisaidie: nguzo ziwe ndefu kiasi cha mita moja, na kila nguzo uivike koni ya bati.

Haya, tukumbushane. Mpe chakula laini cha nyama au dagaa. Maji yasikatike. Mlaze pakavu penye joto. Panadol na dawa ya kupe, hapana. Udenda wa ghafla, usiguse. Akiteseka, mwite mtaalamu.

Jioni ya leo, kabla hujafunga mlango, mtafute huyo mzee wako. Mpapase mgongoni. Ukisikia mifupa imetokeza, kesho mchemshie dagaa. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.