Farasi 40 au gunia mbili? Mjadala juu ya moto ya aventure, tuuelewe mbele ya kununua



Kati yetu tuliosoma agronomia, kuna mjadala mmoja hauishe: siku utapata kazi ya tereni, utanunua moto gani? Kwa muda sasa jina moja linarudi kila mara: Himalayan 450 ya kampuni Royal Enfield ya India. Ilitoka mwisho wa mwaka 2023 ili kuchukua nafasi ya Himalayan ya kwanza, ile ya mwaka 2016. Picha zake zinapita kwenye simu zetu kila siku: mlima, vumbi, mto, na mtu mmoja amesimama juu ya pedali kama vile dunia ni yake.

Kambi ya kwanza banasema: «Hii njo moto ya agronome, itafika popote.» Kambi ya pili banajibu: «Hiyo ni moto ya watalii, wacha tukae na TVS yetu.» Hata wapanda moto wa India, Nepal na Ulaya wanabishana juu yake, lakini kwa sababu zingine kabisa. Ninataka nieleze wanabishana juu ya nini, zile namba zina maana gani, na sisi tunapaswa kuuliza nini mbele ya kuingiza pesa ya likelemba ndani ya chuma.

Kwanza, moto ya aventure ni nini?

Ni moto iliyotengenezwa kwenda mbali kwenye lami, kiisha kuendelea pale lami inaisha. Inakaa juu, mashoku yake ni marefu, gurudumu la mbele ni kubwa, tanki ni kubwa, na kuna nafasi ya mizigo. Zile kubwa za aina hiyo, kama BMW R 1250 GS, zina injini ya zaidi ya cc 1200 na uzito unaopita kilo 240. Zile za kuanzia ziko kati ya cc 200 na 450: Hero Xpulse 200 iliyotoka 2019, BMW G 310 GS, na hizi Himalayan mbili.

Tukumbuke jambo moja. Kitu wenzetu wa Ulaya wanaita aventure, kwetu kinaitwa kwenda kazi. Wao wanatafuta poto-poto siku ya Posho. Sisi, ukitoka Bukavu kwenda Burhale, Mwenga mpaka Kamituga wakati wa mvua, poto-poto njo inakutafuta wewe, tangu siku ya Kwanza. Kwa hiyo namba ileile inaweza kuwa na faida kwao na kuwa mzigo kwetu.

1. Nguvu: 24 au 40?

Himalayan ya zamani ilikuwa na injini ya cc 411, nguvu ya farasi 24 na kitu, vitesi vitano. Mpya ina cc 452, farasi 40, vitesi sita. Ukisoma hivyo tu, mjadala umekwisha. Lakini kuna namba ya pili ambayo watu wengi wanairuka: nguvu ya kuzungusha gurudumu, inayopimwa kwa Newton-mita. Ya zamani ina 32, mpya ina 40.

Tofauti yao ni nini? Nguvu ya kuzungusha ni ule msukumo unausikia wakati unapanda kilima polepole na mzigo nyuma. Farasi ni msukumo huo ukizidishwa na mwendo wa injini. Farasi wengi wanapatikana wakati injini inapiga kelele, inazunguka mara maelfu kwa dakika. Farasi 40 za Himalayan mpya zinapatikana kwenye mizunguko 8000. Nani kati yetu atafika mizunguko 8000 kwenye mtelemko wa udongo mwekundu baada ya mvua? Ukijaribu, tutakuona kwenye mtaro.

Wapenzi wa ile ya zamani wanasema ilikuwa inavuta kimya, chini kabisa, bila kubembelezwa. Wapenzi wa mpya wanajibu kwamba kwenye barabara kubwa ya zamani ilichoka upesi, na kupita lori ilikuwa kazi ya kuomba Mungu. Wote wawili wanasema kweli. Kila mtu anaongea barabara yake.

Tena kuna kimo. Injini inakula hewa, na kule juu hewa ni nyepesi. Kwa wastani, injini ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kila mita 1000 unazopanda. Bukavu tuko karibu mita 1500. Ukitoka Uvira pembeni ya ziwa, ukapanda mpaka kwenye Hauts Plateaux, unapita mita 2500. Ndiyo maana moto iliyokuwa sawa kule chini inaanza kukohoa ukifika juu. Hapo nguvu ya ziada inasaidia kweli, siwezi kukataa.

2. Uzito: nani ataiinua?

Hapa njo penye shida yenyewe. Himalayan mpya ina kilo 196, ile ya zamani ilikuwa karibu hivyohivyo. Xpulse 200 ina kilo 154. TVS Star au Bajaj Boxer ya motari iko kadiri ya kilo 120.

Sisi watu wa kilimo tunajua kilo vizuri. Kilo 196 ni gunia mbili za mia, karibu kamili. Sasa fikiri: saa kumi na moja jioni, mvua imenyesha, gurudumu la mbele limeingia kwenye alama ya lori, umeanguka. Uko peke yako. Gunia mbili zimelala juu ya poto-poto, pengine hata juu ya mguu wako. Utainua namna gani?

Kwenye lami uzito unasaidia, moto inatulia, upepo hauisukume. Kwenye poto-poto kila kilo ni adui. Ndiyo sababu wapanda moto wengi wa India wenye kupenda njia mbaya walichagua Xpulse, hata kama ina farasi 18 tu na kwenye barabara kubwa inabaki nyuma. Wanasema wazi: moto unayoweza kuinua mwenyewe mara tano kwa siku itakufikisha mbali kuliko ile unayoinua mara moja halafu unakaa chini kuhema.

3. Kimo na magurudumu

Kiti cha Himalayan ya zamani kilikuwa sentimita 80 toka chini. Mpya ni 82 na nusu, unaweza kukipandisha mpaka 84 na nusu. Xpulse ni 82. Simama na mgongo kwenye ukuta, weka kitabu katikati ya miguu mpaka juu, pima toka kitabu mpaka chini. Kama namba yako ni ndogo sana kuliko ya kiti, utafika chini kwa vidole tu. Kwenye jiwe lenye kuteleza, vidole havitoshi. Dada zetu maagronome wanajua hii shida kuliko sisi, juu karibu hizi moto zote zilifikiriwa kwa mwanaume mrefu.

Gurudumu la mbele la inchi 21, lenye sipoku, Himalayan na Xpulse zote zinalo. Ni jambo nzuri: gurudumu kubwa linapita juu ya shimo badala ya kuanguka ndani yake, na sipoku zinapinda pale rimu ya kumimina ingepasuka. Lakini uliza: mpira wa inchi 21 unauzwa wapi? Boxer inavaa inchi 17, na mipira ya aina hiyo inapatikana mpaka kwenye soko ya kijiji. Ya 21 utaitafuta mjini, kule wanauza piesi za Yamaha DT 125.

Na mpira bila tube ndani? Msumari ukiingia, unaziba kwa dakika tano bila kutoa gurudumu. Lakini rimu ikipinda kidogo tu, hewa inatoka. Mpira wenye tube, kila kijana mwenye pompe na kipande cha kaucho pembeni ya barabara anajua kuutengeneza. Kwa barabara zetu, mimi nachagua tube.

4. Maji, hewa na mafuta ya kadafi

Himalayan ya zamani ilikuwa inapozwa na hewa na oili. Mpya inapozwa na maji, kwa hiyo ina radiateri mbele. Faida yake: ukipanda polepole na mzigo, jua kali, injini haichemki ovyo. Hasara: jiwe moja likitoboa radiateri, au poto-poto ikaiziba, safari imekwisha hapo.

Tena mpya haina kabureta. Mafuta yanaingizwa na pompe ya umeme, na kompyuta ndogo inapima hewa. Kwenye milima hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kompyuta inajirekebisha yenyewe ukipanda, wakati kabureta inabaki vilevile na kumwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Lakini sisi tunanunua wapi mafuta? Mara nyingi kwa kadafi, kwenye chupa, na wakati mwingine na maji ndani. Kabureta ikiingiwa na maji, unafungua skuru moja chini, unamwaga, unaendelea. Pompe na injekta zikiingiwa na maji au uchafu, mara nyingi inahitaji fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta. Fundi huyo hayuko Mwenga.

Shauri dogo linalofaa kwa moto yoyote: mimina mafuta kwenye chupa inayoonyesha, ngojea dakika chache. Maji ni mazito, yatashuka chini na utaona mstari. Ukiona mstari, usinunue.

5. Franga: hesabu kwa kilomita

Wakati ilitoka, Himalayan 450 ilianzia kupita dola 3000 kule kwao India. Xpulse 200, mwaka wake, ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Ongeza safari, duane, plaki, asiransi, faida ya muuzaji. Fanya hesabu hii, namba ni za mfano tu:

Tuseme moto ndogo imekufikia kwa dola 1500, umetembea kilomita 30 000, umeiuza 600. Umepoteza dola 900, ni senti 3 kwa kilomita. Tuseme moto ya aventure imekufikia kwa 5000, umetembea hizohizo, umeiuza 2000. Umepoteza 3000, ni senti 10 kwa kilomita. Agronome anayefanya kilomita 80 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, anatembea kilomita 1600. Ya kwanza inamla dola 48 kila mwezi, ya pili dola 160. Na hatujagusa mafuta wala piesi.

Sasa weka hiyo 160 pembeni ya mshahara wako wa kwanza. Kuna vijana wamechukua deni ya moto, na kazi yenyewe ilikuwa kontra ya miezi sita. Kontra iliisha, deni haikuisha.

Kwa hiyo?

Mimi siseme Himalayan 450 ni mbaya. Kwa kazi iliyotengenezewa, yaani kilomita 300 za lami, kiisha njia ya mlima, kiisha kurudi mjini penye garaji ya kampuni, inapita ile ya zamani karibu kwa kila kitu. Ukikaa Lubumbashi, unapiga barabara ya Kolwezi kila wiki, na una uwezo, utafurahi nayo.

Lakini kwa monitere wa kilimo anayepaswa kufika kwa mkulima mwenye mihogo yenye ugonjwa leo, si wiki ijayo, mashine nzuri ni ile inayofika na kurudi. Kwa miaka mingi maprojet zimetuletea Yamaha AG 100 na AG 200. Zile herufi AG zinatoka kwenye neno «agriculture». Ni moto iliyofikiriwa kwa ajili ya watu wa mashamba: mnyororo umefunikwa ili udongo usiingie, porte-bagage mbele na nyuma, vigezo viwili, kushoto na kulia, ili usimamishe moto kwenye mtelemko wowote. Haina sura ya sinema. Lakini aliyeichora alikuwa amewaza kazi yetu.

Mbele ya kusaini, uliza maswali ine, kwa mpangilio huu: Nitaiinua peke yangu? Fundi wa mwisho kwenye barabara yangu anaijua? Piesi zake zinafika kwa siku ngapi? Inanila senti ngapi kwa kilomita? Ukipata majibu mazuri kwa yote ine, hapo sasa angalia farasi, angalia rangi, piga na picha.

Na kofia, wandugu. Yenye kufunga mpaka kidevu, kwa moto yoyote utakayochagua.