Betri iliyokufa kwenye kamera bado inaimbisha redio

Wenye kamera ndogo za dijitali zinazotumia betri za AA wanakijua kisa hiki. Unanunua betri mpya asubuhi ya harusi, unapiga picha chache, kisha kamera inaandika kwamba betri zimekwisha na lenzi inarudi ndani. Jioni betri hizohizo zinatiwa kwenye redio, na redio inaimba siku kadhaa. Lawama humwangukia muuza duka, na pengine kweli kauza feki. Lakini mara nyingi betri ni nzima kabisa, ila imepewa kazi isiyo yake.

Redio ndogo hutumia umeme kidogo kidogo. Kamera hutaka mwingi kwa mkupuo: inaposukuma lenzi, kuwasha kioo cha nyuma na kujaza flashi, huweza kuvuta ampea nzima au zaidi. Ndani ya kila betri kuna ukinzani, na mkondo unapokuwa mkubwa, volti nyingi hupotelea humohumo na kugeuka joto. Kamera hupima volti zinazoifikia; zikishuka chini ya kiwango chake, hujizima. Betri ni kama dumu lenye mdomo mwembamba: maji yamo, ila hayatoki kwa kasi unayoitaka. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza duka si betri ina umeme kiasi gani tu, bali inaweza kuutoa upesi kiasi gani.

Jibu limeandikwa kwenye betri yenyewe kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wengi hawazisomi. Igeuze polepole uitafute alama yenye tarakimu 6. Ukikuta R6, hiyo ni ya zinki na kaboni, ya bei ya chini, nzuri kwa saa ya ukutani na rimoti. Kwenye kamera ni hasara tupu. LR6 ni alkalaini. Kwenye kifaa kinachotumia umeme kidogo, hutoa miliampea-saa (mAh) 2,500 hivi. Ukiivuta kwa ampea moja, kiasi utakachopata hakifiki nusu ya hapo. Itakufaa siku ya dharura, lakini si kwa kupiga picha kila wiki.

HR6 ndiyo ningemshauri mtu yeyote anunue kwanza. Ni betri ya kuchaji, ya nikeli na haidraidi ya metali. Watu huiogopa kwa sababu imeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini woga huo hauna msingi. Alkalaini huanza na 1.5 na kuteremka tangu dakika ya kwanza, wakati HR6 hushikilia karibu 1.2 hadi inapokaribia kwisha. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, hivyo flashi hujaa haraka. Kasoro ya zile za zamani ilikuwa kwamba zikikaa kabatini zilipoteza chaji zenyewe. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, betri ya aina hiyohiyo inayotunza sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka mzima, na leo kampuni nyingi hutengeneza za namna hiyo. Za kawaida zina mAh 2,000 hivi, na zenye nguvu zaidi hukaribia 2,800. Ukiona betri ya kuchaji ya AA imeandikwa mAh 5,000, irudishe rafuni. Hakuna HR6 inayobeba umeme huo.

Kuna pia FR6, ya lithiamu na isiyochajiwa. Ni ghali, lakini ina uzito wa gramu 15 hivi dhidi ya 23 za alkalaini, hukaa miaka mingi bila kuharibika, na hufanya kazi kwenye baridi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Faida hiyo inaonekana Mlima Kilimanjaro. Wapandaji wengi huanza safari ya kileleni usiku wa manane, na wanapofika mita 5,895 wakati wa mapambazuko, baridi imekwisha kupunguza kasi ya kemia ndani ya alkalaini na kamera inagoma. FR6 haitumii maji ndani yake, hivyo huhimili zaidi. Kwa betri ya aina yoyote, itunze kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri iliyogoma kwa baridi mara nyingi hufufuka ikipata joto.

Kamera ndogo za karibuni nyingi zimeachana na AA na kutumia betri bapa ya ioni za lithiamu, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Hapa huchagui aina, unachagua kati ya halisi na nakala. NP-BX1 ya Sony, kwa mfano, ina mAh 1,240. Nakala ya umbo lilelile inayodai mara mbili inadanganya. Nakala duni inaweza kukosa saketi ya kuzuia chaji kupita kiasi, na hapo betri hupata moto. Ikivimba, acha kuitumia. Usiitoboe, usiichome pamoja na takataka. Safarini kwa ndege, betri za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Yapo makosa matatu yanayoua kamera. La kwanza ni kuchanganya betri mpya na kuukuu: ile dhaifu hukamuliwa hadi inavuja. La pili ni kuacha alkalaini ndani ya kamera isiyotumika miezi mingi. Utakuta unga mweupe kwenye springi, mabaki ya hidroksidi ya potasiamu, ambayo huunguza ngozi na macho. Vaa glavu, safisha kwa pamba yenye siki kidogo, na unga huo ukikuingia jichoni osha kwa maji mengi kisha nenda hospitali. La tatu ni kutia betri yenye alama 14500. Umbo lake ni sawa na AA, lakini ina volti 3.7, na mbili zinatosha kuunguza saketi.

Lililo zito zaidi linahusu watoto. Baadhi ya kamera za AA zina betri nyingine ndogo bapa ya duara inayotunza tarehe, ndugu ya zile za saa na rimoti za gari. Ikikwama kwenye umio wa mtoto, unyevu huunganisha ncha zake, kemikali kali huzalishwa upande hasi, na ndani ya saa mbili nyama inaweza kuungua vibaya. Hata betri unayoiona imekufa huweza kufanya hivyo. Unapoibadilisha, ifunge yote kwa selotepu na uiweke mbali. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usisubiri aanze kulia. Kama amezidi umri wa mwaka mmoja na asali ipo karibu, mpe vijiko viwili vya chai njiani kila baada ya dakika kumi, lakini usichelewe kwa kuitafuta. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei, na ukifika mlangoni sema mara moja kwamba amemeza betri.