Kwa Nini Mfuko wa Chama Hukauka Mwaka wa Tatu

Vikundi vingi vya akina mama huanza vizuri, michango ikilipwa kwa wakati. Matatizo hujitokeza baadaye, na mara nyingi chanzo si wizi bali hesabu.

Mfano ni kikundi cha wanachama 20, kila mmoja akichanga shilingi 500 kwa mwezi: 300 za mikopo na 200 za kusaidiana wakati wa msiba. Kwa mwaka, mfuko wa mikopo hupata shilingi 72,000 na ule wa kusaidiana 48,000. Katiba yao inasema anayefiwa apewe 20,000. Wakifiwa watatu, zinahitajika 60,000. Pengo la 12,000 huzibwa kwa pesa za mikopo, na kwa kuwa halikuandikwa popote kama deni, hazirudishwi.

Kufikia mwaka wa tatu, wanachama wanne wamejiondoa. Waliobaki 16 huchanga 38,400 za kusaidiana, ilhali ahadi ni ile ile. Wakifiwa watatu tena, pengo ni 21,600. Anayeomba mkopo wa karo mwezi wa Januari huambiwa asubiri, naye huanza kumshuku mweka hazina.

Mambo ya kuzingatia

• Kila mfuko uwe na kitabu chake. Pesa zikihamishwa, ziandikwe kama deni lenye tarehe ya kulipwa.

• Ahadi zipigiwe hesabu upya kila mwaka. Kikundi hiki cha watu 16 kinaweza kupunguza msaada hadi 12,000, au kupandisha mchango wa kusaidiana hadi shilingi 315 kwa mwezi.

• Mkopo ambao haujalipwa usihesabiwe kama pesa zilizoko. Kabla ya kugawana faida mwezi wa Desemba, salio la kitabu lilinganishwe na taarifa ya benki.

• Mweka hazina asome hesabu katika kila mkutano: zilizoingia, zilizotoka, zilizoko na anayedaiwa. Jambo hili humlinda yeye mwenyewe pia.

Usajili

Vikundi husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kinachoomba kinahitaji wanachama wasiopungua 10. Maelezo zaidi yanapatikana katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Viongozi wanaokwenda huko wabebe katiba, kumbukumbu za mikutano na orodha ya wanachama.