Fizi Zinatoa Damu? Kasheshe Haiishii Mdomoni!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, tuzungumzie kinywa. Ndiyo, hicho hicho unachokitafunia bigijii haraka haraka kabla ya kwenda kuonana na mwandani wako!

Nilikuwa katika pitapita zangu Kilosa na Mikumi, nikawa nawauliza vijana wenzangu swali moja tu: ukipiga mswaki, unatema damu? Pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, muuza miwa mmoja alicheka. "Kaka, hiyo kawaida. Ikitoka damu naacha mswaki siku mbili tatu, fizi zipumzike." Kilosa mjini dada mmoja akaniambia kosa ni la mswaki, eti mgumu.

Jamani, fizi nzima haitoi damu! Mkono wako ungevuja damu kila unaponawa, ungekaa kimya?

Kinachotokea ni hiki. Baada ya kula, meno hufunikwa na ukoga, ule utando laini ambao ni makazi ya bakteria. Usipoondolewa, hugeuka ugaga, mgumu kama saruji, ambao mswaki hauuwezi tena. Fizi huvimba na kuwa nyekundu, na mdomo huanza kunuka. Ukiwahi hapo, fizi hupona kabisa. Ukichelewa, bakteria huchimba chini, mfupa unaoshika jino huliwa, jino linaanza kucheza. Mfupa huo haurudi wenyewe, bwana.

Kwa hiyo yule muuza miwa anafanya kinyume. Kuacha mswaki ni kuwaongezea wadudu siku za kujenga.

Na wewe mvuta sigara usijidai eti zako hazitoi damu. Sigara hubana mishipa midogo ya fizi, damu haionekani, huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

MDOMO NI STESHENI

Waliosafiri kwa treni wanajua kuwa Kilosa ndipo tawi la reli ya Mikumi na Kidatu linapoachana na Reli ya Kati. Basi kinywa nacho ni stesheni ya namna hiyo. Fizi yenye kidonda ni mlango wazi, bakteria wanapanda damu na kushuka wanapotaka.

Kuna wanaoshuka kwenye moyo. Wakimkuta mtu ambaye vali zake za moyo tayari zina hitilafu, wanaweza kunasa pale na kuleta maambukizo yanayoua. Kisukari nacho ni ndugu wa damu wa fizi mbovu. Sukari ikipanda, fizi huoza kwa kasi. Fizi zikioza, sukari inakuwa ngumu kushuka. Habari njema ni kwamba ukitibu fizi, sukari nayo husaidika.

Sasa tupande juu, kwenye ubongo. Kuna bakteria mmoja wa fizi anaitwa Porphyromonas gingivalis, jina refu kama treni ya mizigo. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Cortexyme ya Marekani na wenzao walitangaza katika jarida la Science Advances kwamba wamekuta alama zake ndani ya bongo za watu waliokufa na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni. Wakawaambukiza panya mdomoni, na bakteria wakafika hadi kwenye ubongo wa panya hao.

Lakini tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Hiyo haithibitishi kwamba fizi ndizo zinazoleta ugonjwa huo. Huenda mtu anayesahau anasahau na mswaki wake, fizi zikaharibika baadaye. Tena dawa ya kampuni hiyo, iliyojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 600, mwaka 2021 ilishindwa kuzuia akili zao zisiendelee kudhoofika. Wataalamu bado wanachimba. Ila jambo moja wanakubaliana: mwili unaopigana na uvimbe miaka nenda rudi hauna amani, na ubongo ni sehemu ya mwili.

Nalisema hili kwa sababu huku kwetu bibi akianza kupotea njia ya nyumbani, wapo wanaonong'ona kuwa kalogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi. Huo ni ugonjwa, jamani! Bibi anahitaji daktari na mjukuu wa kumshika mkono.

UFANYE NINI?

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa dawa yenye madini ya floraidi. Usiku ndiyo usikose kabisa. Damu ikitoka, endelea taratibu kwa mswaki laini. Mswaki wa mti nao unafaa, mradi usugue kila jino na mpaka wa fizi. Katikati ya meno pitisha uzi maalumu. Sigara achana nayo.

Damu ikizidi wiki mbili, nenda hospitali. Uwe Kilosa au Mikumi, ulizia daktari wa meno, mwambie akutoe ugaga. Maneno ya mitaani kwamba kutolewa ugaga kunalegeza meno ni uzushi mtupu. Kinacholegeza ni huo ugaga wenyewe. Na usingoje jino liume, maana fizi huoza bila kelele.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kuwa watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa hiyo hauko peke yako, huna haja ya kuona haya.

Leo usiku, baada ya mswaki, tema kwenye sinki jeupe au kitambaa cheupe, utazame. Ukiona nyekundu, kesho una safari. Tukutane wiki ijayo!