Mshipa Usiojifunga: Tiba ya Katheta kwa Watoto Wachanga

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya damu hukwepa mapafu, ikipita katika mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa mapafu na aota. Azaliwapo na kuanza kupumua, oksijeni huongezeka katika damu na mshipa huo hujibana, kwa kawaida ndani ya siku 3. Usipojifunga, damu iliyokwisha kupata oksijeni hurudi mapafuni, na moyo hulemewa.

Mzazi wa Mbeya au Iringa anaweza kudhani kwamba baridi ndiyo chanzo. Sivyo. Kinachohusika ni oksijeni: katika milima mirefu ya Andes, nchini Peru, hewa ikiwa nyepesi mno, tatizo hili huonekana zaidi. Miji yetu, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 hadi 1,700, iko chini sana ya vijiji vile.

Dalili zake hudanganya. Mtoto hutokwa jasho anyonyapo, huachia titi ili apumue, haongezeki uzito, na hurudishwa zahanati mara kwa mara kwa nimonia. Dawa huitibu nimonia. Mshipa hubaki wazi. Anayeweka stetoskopu chini ya mtulinga wa kushoto anaweza kusikia mvumo usiokatika, na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti huthibitisha.

Mwaka 1938, huko Boston, Robert Gross aliufunga mshipa huu kwa kupasua kifua. Mwaka 1967 Werner Porstmann wa Berlin alieleza namna ya kuuziba kwa katheta. Leo, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mrija huo mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja, daktari akifuata picha za eksirei, kisha kizibo cha nyuzi za metali huachwa mahali pake. Kifua hakifunguliwi.

Kutoka Iringa ni takriban kilomita 500; kutoka Mbeya ni zaidi ya 800. Hata hivyo, safari hiyo ni fupi kuliko miezi inayopotea kabla ya mtoto kupimwa. Mshipa ukiwa mpana, mishipa midogo ya mapafu huweza kukakamaa kwa shinikizo, hata damu ikageuza mkondo. Hapo kizibo hakiwekwi tena, kwa kuwa tundu lililopaswa kuzibwa ndilo sasa linaloupunguzia moyo mzigo.